Kaburi la Baba na Jua la Juni

Binamu yangu aliiweka simu juu ya kaburi la baba, akaitazama, akaigeuza kidogo, akaitazama tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bro, mzee amepinda."

Ilikuwa Desemba, asubuhi isiyo na wingu hata moja, nyumbani kwetu Nandagala. Tulikuwa tumetoka kumzika shangazi, dada yake baba. Udongo wake ulikuwa bado mbichi, na wanaume walikuwa wananawa mikono kwenye ndoo. Vijana wachache walibaki kufyeka majani yaliyolifunika kaburi la baba, lililokuwa jirani kabisa, kwa sababu hatukutaka shangazi alale pembeni ya kichaka. Baba tulimzika hapo mwaka juzi, mwezi wa sita. Alikuwa mtu wa kwanza kuzikwa kwenye eneo hilo jipya, baada ya makaburi ya zamani, yaliyo nyuma ya mikorosho ya babu, kujaa. Shangazi alikuwa wa pili.

Majani yalipoondoka ndipo tulipoona. Makaburi mawili ya ndugu wawili, yaliyochimbwa na mtu yule yule, hayakulala sambamba. Upande wa miguu yalikaribiana kiasi kwamba mtu mzima angepita kwa kujibana. Upande wa kichwa yalikuwa yameachana kama mkasi uliofunguliwa. Halikuwa jambo la kuhitaji simu. Binamu yangu aliitoa tu kwa sababu anaishi Dar es Salaam na huitoa kwa kila kitu.

Kwa asiyejua, ukisimama Ruangwa, Kibla ni kaskazini, karibu kabisa. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea huko, kwa hiyo kaburi huchimbwa kichwa kikiwa mashariki na miguu magharibi. Dira ya simu ilisema uso wa baba umeikosa kaskazini na kuangukia kushoto, upande wa magharibi. Binamu akaihamishia kwa shangazi. Nilitegemea angalau huyu, ambaye tulikuwa tumemshusha muda mfupi tu uliopita, awe sawa. Simu ikasema shangazi ameangukia kulia, upande wa mashariki, karibu kiasi kile kile.

"Wote wawili?" nikauliza.

"Wote. Kila mtu na njia yake."

Mtu mmoja aliyekuwa ananawa alisahau kopo mkononi, maji yakamwagikia viatu vyake, naye hakusogea.

Makaburi yote mawili aliyachimba mzee mmoja ambaye ni mtani wetu, rafiki wa baba tangu ujana. Kila msiba wa ukoo wetu yeye ndiye anayeshika jembe la kwanza. Asubuhi hiyo hiyo, tulipokuwa tunalileta jeneza, alikuwa amewachekesha watu kwa kulalamika kwamba shangazi, aliyekuwa mnene, amemchimbisha shimo la watu wawili, na kwamba hata kufa amekufa kwa fujo. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Sasa alisimama na sululu yake, akatazama kaburi moja, akatazama la pili, na utani wote ulikuwa umemtoka. Akaondoka bila kula chakula cha msiba. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Mama alikuwa amekaa uani kwenye jamvi katikati ya wanawake, na hakuuliza lolote kuhusu mazishi ya wifi yake. Alinitazama tu. "Ni kweli baba yako hatazami Kibla?"

Nikamwambia simu huwa zinakosea.

"Nimekuuliza wewe. Sijaiuliza simu."

Nikamwambia makaburi hayalingani. Akafunga macho, na jirani yake akamshika bega.

Lililonitisha zaidi lilikuja alasiri. Kwa watu wengi wa kwetu, kaburi kuchimbwa vibaya ni jambo moja, na kaburi kugeuka ni jambo jingine kabisa. Wapo wanaoamini kwamba mtu aliyekufa akiwa amedhulumu wenzake hugeuzwa uso akiwa humo ndani. Ilipofika alasiri hakuna aliyekuwa anasema kaburi la baba limechimbwa vibaya. Walikuwa wanasema limegeuka, na baadhi wakaanza kutaja kulifukua. Na sababu walikuwa nayo tayari. Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kumkaribisha mfugaji. Ile familia ilipokuja na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, wengine wakiwa bado wanaitazama kwa mbali, baba aliipa kipande cha pembeni mwa shamba lake ijenge zizi. Tangu hapo, kila ng'ombe walipoingia kwenye ufuta wa mtu, aliyelaumiwa alikuwa baba, hata ng'ombe wenyewe wangekuwa wa familia nyingine iliyokuja baadaye.

Kazi yangu Nachingwea, ninakoishi, ni kuzunguka na kuuliza watu maswali kwa ajili ya redio, na mazoea hayo hayaniachi hata msibani. Nikawauliza: na shangazi je, aliyezikwa leo asubuhi mbele ya macho yetu, naye amegeuka saa ngapi? Mwanamke mmoja wa ukoo wetu alinijibu pale pale, akipepeta mchele, kwamba shangazi amekataa kutazama anakotazama kaka yake. Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayetaja bei ya mafuta ya taa. Nimewahoji watu wengi katika maisha yangu, lakini sijui kama nimewahi kusikia uongo ukikamilika haraka namna ile.

Mfugaji mwenyewe alifika kabla ya magharibi. Alisimama mwisho wa uwanja na fimbo yake, akakataa kiti, akakataa chai. Alisalimia, akatoa pole, kisha akamwambia mama mbele ya watu wote, "Mama, nasikia mnataka kumfukua mzee kwa ajili yangu."

Mfugaji alipoondoka, mama aliniita ndani na kusema alichokuwa amekiamua. "Mfukueni. Mgeuzeni. Siwezi kukaa nyumba hii najua amelala vile, na siwezi kuwaacha watu wamseme."

Shehe wa msikiti wetu aliwaambia watu wasiguse udongo mpaka yeye mwenyewe akaone kesho yake asubuhi. Akanivuta pembeni na kuniomba kitu kimoja: nijue kwanza yule mzee alipimaje.

Nilimkuta mtani wetu amekaa nyuma ya nyumba yake, ameupa uwanja mgongo. Aliponisikia alisema, bila kugeuka, "Umekuja na mashine yako ya kurekodi?"

Nikasema nimekuja na masikio tu.

Alinieleza, na alinieleza vizuri, kwa sababu hakuwa na cha kuficha. Hufika eneo la kaburi kabla jua halijatoka. Hukaa. Jua likichungulia, husimama, akaulaza mpini wa jembe chini, ncha yake ikielekea pale pale lilipotokea, akachora mstari kwa kisu kuufuata mpini. Kichwa kwenye jua, miguu giza linakokimbilia. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na baba yake alifundishwa na wake. Nilimuuliza kama hakuona kwamba mstari wa shangazi unaliacha kaburi la baba. Akasema majani yalikuwa yamelimeza, na halafu mchimbaji hatazami kaburi la jirani, anatazama jua.

"Na la baba, mwaka juzi?"

"Baba yako nilimchimbia huku nalia. Lakini mpini niliulaza sawasawa." Kisha akasema wakimfukua rafiki yake kwa sababu ya kazi ya mkono wake yeye, basi na wao wasimwite tena kwenye shughuli yoyote ya watu, hata ya harusi.

Niliondoka nikiwa nimechanganyikiwa zaidi. Mtu yule yule, jembe lile lile, jua lile lile, na mistari miwili isiyokutana. Kama hakudanganya, na niliamini hakudanganya, basi yule mwanamke aliyekuwa anapepeta mchele alikuwa na hoja kuliko mimi.

Nililala kwa mama. Alfajiri, baada ya sala, alikaa kwenye mkeka chumba cha mbele, chumba ambamo baba alikata roho. Mlango wake unatazama mashariki. Nilikaa naye. Jua lilipotoka, mwanga uliingia mlangoni, ukapita juu ya sakafu, ukapanda ukuta wa ndani upande wa kulia wa anayeingia, kwenye pembe wanapoegemeza majembe.

Mama aliutazama ule mwanga kwa muda. Halafu akageuza kichwa, akatazama pembe ya kushoto, ambako mtungi wa maji umekaa tangu nikiwa mdogo. Pembe ile ilikuwa na giza.

"Siku ile mtungi ulikuwa unawaka," akasema.

Nikamuuliza siku ipi.

"Siku ya baba yako. Aliomba maji jua linatoka. Nilikwenda kuchota, na mwanga ulikuwa umeupiga mtungi wote, mpaka nikaona uso wangu ndani ya maji. Nilisema moyoni, leo mtungi unang'aa kama mpya." Alinyoosha kidole kwenye ile pembe yenye giza, kisha kwenye majembe yaliyokuwa yanang'aa. "Mtungi sijauhamisha."

Nikasema mlango nao haujahamishwa.

"Basi kilichohama ni nini?"

Tulitazamana. Sitasahau jinsi mama alivyojifunika mdomo kwa kanga, kama mtu aliyesikia habari ya kifo kingine. Alitoka nje bila viatu. Nilimfuata. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mikorosho ya jirani, mbali upande wa kulia wa barabara ya Ruangwa. Mama akanyoosha mkono kushoto, kwenye mti mmoja mkavu uliosimama peke yake. "Wakati wa kuvuna ufuta linatokea pale," akasema. "Kila mwaka linatokea pale. Nalijua. Nalijua siku zote."

Hilo ndilo lililonishtua na bado linanishtua. Alikuwa analijua. Sote tulikuwa tunalijua. Mama huhamisha jamvi lake la kuanikia: wakati wa ufuta analitandika upande wa kaskazini wa nyumba, ambako jua la mchana huegemea miezi hiyo, na Krismasi inapokaribia analihamishia upande wa kusini, kwa sababu jua limevuka paa na upande wa zamani una kivuli. Wakati wa korosho, mwezi wa kumi, zipo siku ambazo mtu akisimama uwanjani saa sita mchana kivuli chake chote kinaingia chini ya miguu, na watoto hulifanya kuwa mchezo, wanarukaruka wakijaribu kukikanyaga. Hakuna asiyeyajua haya. Lakini swali la jua linachomozea wapi lilikuwa na jibu lake tangu darasani: mashariki. Nililiandika kwenye mtihani, nikapata vema, na sikuliangalia jua tena.

Nilimchukua binamu na simu yake, nikapita kwa mtani nikamwomba aje, na yeye akaja akiburuza miguu. Shehe alitukuta njiani. Mama naye akasema hakai nyumbani. Sikuwapeleka kwa baba. Niliwapeleka makaburi ya zamani, nyuma ya mikorosho ya babu.

Ni mahali ambapo hatuingii ila kuzika. Majani yalikuwa yamefika magotini, na kati ya kaburi na kaburi vichaka vilikuwa vimejaa, kwa hiyo mtu huona kaburi moja moja na hayaoni yote pamoja. Tulianza kufyeka kuzunguka mawe ya kichwani na miguuni. Mama ndiye aliyekuwa anatuambia nani yuko wapi na alikufa wakati gani, si kwa tarehe bali kwa kazi zilizokuwa shambani. Huyu alikufa ufuta unavunwa. Huyu tulimwacha ndani akiumwa tukaenda kumalizia palizi. Huyu korosho zilikuwa zimeanza kuanguka.

Baada ya makaburi machache sikuhitaji tena kusubiri simu. Waliokufa wakati wa ufuta, vichwa vyao vilikuwa vimevutwa kaskazini, wote, kama baba. Waliokufa wakati wa palizi, mvua zikiwa zimekolea, vichwa vyao vilikuwa vimevutwa kusini, kama shangazi. Bibi mzaa baba, aliyekufa mwezi wa tatu, alikuwa amenyooka; binamu aliiweka simu juu yake, akasema, "Huyu hajakosea hata kidogo," kama vile bibi ndiye aliyejichimbia. Ukoo wetu wote ulikuwa umelala pale umetapanyika kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagwa, na hapakuwa na kilichomwagwa. Kila mmoja alikuwa ameelekezwa kwenye jua la asubuhi yake ya mwisho.

Tulifika kwenye kaburi la kaka mkubwa wa baba. Mama alikumbuka tu kwamba alikufa mwezi wa Ramadhani. Mwezi huo huzunguka mwaka mzima, haukai kwenye msimu, kwa hiyo shehe akamuuliza ilikuwa Ramadhani ya mvua au ya kiangazi. Mama alifikiri, akatikisa kichwa, ilikuwa zamani mno.

Niliyatazama mawe. "Ya mvua," nikasema.

Mama alinigeukia taratibu. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Tulimshusha kwenye matope. Jeneza liliteleza mikononi." Halafu akaniuliza mimi nimejuaje, kwani sikuwa nimezaliwa.

Nilimwonyesha jiwe la kichwani lilivyovutwa kusini, nami nilikuwa nimeogopa. Kusoma habari ya mtu kutoka kwenye mawe mawili, mbele ya mke wa ukoo na shehe, halafu ikawa kweli, si jambo la kulifurahia hapo hapo. Mtani alikuwa ameketi chini kwenye nyasi. Alikuwa anayatazama makaburi aliyoyachimba baba yake, na aliyoyachimba yeye mwenyewe, na midomo yake ilikuwa inachezacheza bila sauti.

Shehe aliongea akiwa amesimama katikati yetu. Alisema mwili uliokaa ardhini muda kama wa baba haufukuliwi kwa sababu hiyo. Alisema aliyejitahidi kuutafuta upande kwa kipimo alichonacho, na kwa nia safi, Mwenyezi Mungu hamdai zaidi ya hapo, na kwamba wote waliolala pale wanatazama upande wa Kibla, hata kama si kwa uzi mmoja. Kuanzia sasa tupime kwa dira. Kisha akasema neno ambalo mama alikuwa analingoja, na alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, ambako watu walikuwa wameanza kusogea: "Hakuna kaburi lililogeuka hapa. Jua ndilo linalohama, na linahama kila mwaka."

Yule mwanamke wa ukoo alikuwa miongoni mwa waliosogea. Alilisikia. Aliendelea kutazama mawe, moja baada ya jingine, na nikaona anahesabu wafu wake mwenyewe.

Mtani alikuwa bado chini. Mama alimwendea, akasimama mbele yake. Nilidhani atamwomba radhi, au yeye mama ataombwa. Hakuna aliyeomba.

"Mimi siku yangu ikifika," mama akasema, "hizo dira zenu ziacheni. Mnilaze kwenye mstari wa mume wangu. Anakotazama yeye, nami nitazame huko huko."

Shehe alifungua mdomo. Binamu yangu aliniangalia kuona kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia, na nilihisi kama nimepigwa kofi. Mwanamke huyu jana alikuwa tayari kuchimbua kaburi ili uso wa mumewe unyooke, na sasa, akiwa ameelewa kila kitu, alikuwa anajichagulia kosa lile lile kwa hiari yake. Shehe akaufunga mdomo. Alikuwa ameshasema kwamba wote wanatazama upande wa Kibla, na hakuwa na pa kurudi.

Mtani aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu jana niliona kitu kimerudi machoni pake.

"Shemeji," akasema, "kama unautaka mstari huo bila kunisumbua, jitahidi kufa Juni."

Mama alicheka mpaka akashika jiwe la kichwani la bibi asianguke. Alicheka na machozi yakamtoka, na watu wa barabarani wakanyamaza, hawakujua kama analia. Mtani aliinuka, akajipangusa nyasi, akauliza kama chakula cha jana kimebaki. Tukarudi nyumbani tukipita kwenye zizi la yule mfugaji, na mama akamwita kwa mkono aje naye ale.